Uzi maalumu: Jifunze kusoma cheti chako cha dawa kabla hujaondoka dirishani (1x3, BD, TDS, PRN, 5/7 na wenzake)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni dirisha la dawa. Kila siku naona mtu mzima, mwenye akili timamu, anayeweza kukueleza mkataba wa kiwanja kipengele kwa kipengele, anatoka kwa daktari na cheti mkononi bila hata kukitupia jicho. Anakikabidhi, anapokea bahasha, anaondoka. Anaamini ile karatasi ni mazungumzo ya daktari na mfamasia, yeye hayamhusu. Wakati dawa inaingia mwilini mwake!

Nataka tusaidiane kusoma hayo maandishi. Si ili mtu ajitibu. Ni ili makosa yakitokea, wewe mwenye mwili uwe wa mwisho kuyaona kabla hujameza.

Naanza na namba, maana watu wengi wanaumia hapo kuliko kwenye herufi.

Kwenye bahasha unaandikiwa 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni vidonge vingapi kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. Basi. 1x3 ni kidonge kimoja, mara tatu. Wapo wanaosoma kinyume wakameza vitatu kwa mkupuo kisha wakasubiri kesho, wakisema "si jumla ni tatu tu?" Jumla ni ileile, ila mwili haufanyi kazi kwa jumla. Dawa ikiingia yote kwa pamoja inapanda juu kupita inavyotakiwa, kisha inashuka, na usiku kucha wadudu wanaachwa bila dawa ya kuwakabili. Kwa antibayotiki nyingi hapo ndipo ugonjwa unaporudi.

Na "mara tatu kwa siku" haimaanishi kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni, vyote ndani ya saa kumi za mchana. Siku ina saa 24, ukigawa kwa tatu ni kila baada ya saa 8. Ratiba inayokaa vizuri kwa watu wengi: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mara mbili: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Mara nne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Tafadhali wahudumu wenzangu, tusimwambie mgonjwa "meza kila saa nane". Kuna wanaokwenda kumeza saa nane mchana na saa nane usiku. Tuseme "kila baada ya saa nane zikipita", kisha tumtajie saa zenyewe.

Mfano ambao kila nyumba unaihusu ni dawa mseto ya malaria, ALu. Mtu mzima bahasha yake inasomeka 4x2 kwa siku 3, vidonge 24. Lakini dozi ya pili haisubiri saa 12. Inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza, ndipo zinazofuata ziende kila baada ya saa 12. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri. Ndiyo, unaamka. Na imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, maana bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hiyo inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Haya yote hayaenei kwenye "4x2", ndiyo maana uulize.

Sasa herufi. Nyingi ni vifupisho vya Kilatini ambavyo madaktari wa dunia nzima walirithishana:

OD ni mara moja kwa siku. BD au BID ni mara mbili. TDS au TID ni mara tatu. QID au QDS ni mara nne. *Mane* ni asubuhi, *nocte* ni usiku wakati wa kulala. AC ni kabla ya kula, PC ni baada ya kula. STAT ni sasa hivi, dozi moja, papo hapo. PO ni kwa mdomo, SL ni chini ya ulimi (usimeze!), IM ni sindano ya msuli, IV ya mshipa, SC ya chini ya ngozi. PR ni njia ya haja kubwa, PV ni ukeni. Hizi mbili za mwisho zisomeni kwa makini, kwa sababu kuna watu wamemeza vidonge vya kuweka ukeni kwa kuona aibu kuuliza.

PRN ina maana "pale inapohitajika". Maumivu yakiwepo meza, yasipokuwepo acha. Lakini haina maana ya "kadiri upendavyo". Parasetamoli kwa mtu mzima haitakiwi kuzidi gramu 4 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya mg 500, na kati ya dozi na dozi ziwepo angalau saa 4. Hesabu pia parasetamoli iliyojificha ndani ya dawa za mafua. Ikizidi, ini ndilo linalolipa.

Halafu zile sehemu zinazowachanganya wengi: 5/7 ni siku 5, 2/52 ni wiki 2, 3/12 ni miezi 3. Namba ya chini inakuambia kipimo: siku 7 za wiki, wiki 52 za mwaka, miezi 12 ya mwaka.

Tusome mstari mmoja mzima: *Rx Caps Amoxicillin 500mg PO TDS 5/7*. Rx ni kifupisho cha neno la Kilatini lenye maana ya "chukua". Caps ni zile za rangi mbili. Kwa hiyo: amoksilini, mg 500 kila dozi, kwa mdomo, mara tatu kwa siku, siku tano. Piga hesabu palepale dirishani: 1 mara 3 mara 5, ni vidonge 15. Ukipewa 10, uliza. Ukipewa 30, angalia kwanza pakiti, huenda ni za mg 250 na unatakiwa kumeza mbili mbili. Hesabu hiyo moja tu inakamata makosa mengi kuliko mnavyodhani.

Karibuni kwa maswali.

#2

Mkuu shukrani sana. Swali: mama alikwenda kliniki ya macho, kwenye karatasi kuna OD na OS. Sasa OD si umesema ni mara moja kwa siku?

#3 Mleta uzi

Swali zuri. Kwenye macho OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, OU yote mawili. Herufi zilezile, maana mbili. Kama ni karatasi ya vipimo vya miwani basi hapo ni macho, hakuna shida. Kama ni dawa ya matone na limeandikwa OD tupu, rudi ukaulize: jicho lipi, na mara ngapi?

Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Marekani mwaka 2004 taasisi inayokagua ubora wa hospitali, Joint Commission, ilitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku kuandikwa. Kimojawapo ni U kwa maana ya yuniti za insulini, kwa sababu "10U" kwa mwandiko wa haraka inasomeka 100. Mgonjwa wa kisukari akichomwa mara kumi ya dozi yake, sukari inaanguka na anaweza kufa. Kwenye orodha hiyo kuna sifuri pia: usiandike 5.0 maana nukta ikififia inakuwa 50, na usiandike .5 maana inakuwa 5. Andika 5, andika 0.5. Mgonjwa ukiona nukta kwenye cheti chako, simama hapohapo uulize.

Na mcg si mg. Mg moja ina mcg 1,000.

#4

Asante sana kwa elimu hii. Huku kwetu Kenya utapata pia TCA 2/52 chini ya karatasi. Maana yake ni urudi kliniki baada ya wiki mbili. Watu wengi hudhani ni jina la dawa, wanaenda kuitafuta kwa kemisti. Nimewahi kumsindikiza jirani aliyezunguka maduka matatu akiulizia TCA.

#5 Mleta uzi

Umenena ndugu yangu. Na huyo jirani, ile tarehe ya kurudi ingempita.

#6

Mtaalamu, mimi tatizo langu ni karatasi za maabara. Nimepimwa wiki hii nina malaria tano na taifodi 160, tena na UTI juu. Nimeogopa kweli. Hiyo malaria tano ni kubwa?

#7 Mleta uzi

Pole sana. Ngoja nilifafanue hili kwa kirefu maana lipo kila mtaa.

Bila shaka karatasi yako imeandikwa *BS: 5/200 WBC*. Mtaalamu wa maabara anaweka tone la damu yako kwenye kioo, anahesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200, na njiani anahesabu kila mdudu wa malaria anayemwona. Kwako aliwaona 5. Kwa kawaida inakadiriwa kuna chembe nyeupe 8,000 kwenye kila maikrolita ya damu, hivyo mdudu mmoja aliyehesabiwa anawakilisha 40. Watano ni kama 200 kwa maikrolita. Ni wachache, ila ni malaria na inatibiwa kwa dozi kamili. Usiipime hatari kwa namba hiyo peke yake. Mtoto mdogo au mjamzito mwenye namba ndogo anaweza kuzidiwa kuliko mtu mzima mwenye namba kubwa. Degedege, kuchanganyikiwa, kutapika kila anachokunywa, kushindwa kukaa: hizo ndizo dalili za kukimbia naye hospitali, hata kama kioo kinasema 1. Ukiona *No MPS seen*, ina maana hakuna mdudu aliyeonekana.

Kile kipimo cha haraka, mRDT, hakihesabu wadudu. Kinatafuta protini yao, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Kwa hiyo aliyemaliza mseto wiki iliyopita akipima tena na mistari miwili ikatokea, asikimbilie kununua dozi nyingine. Aende apimwe kwa kioo.

Taifodi. Hiyo 1:160 ni kipimo cha Widal. Hakimtafuti mdudu, kinatafuta kingamwili, na namba inaonyesha majimaji ya damu yako yalizimuliwa mara ngapi na bado yakaitikia. Kingamwili zinaweza kuwepo kwa sababu ya ugonjwa wa zamani, chanjo, au maambukizi mengine. Kipimo kimoja cha Widal peke yake hakitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Watu wanameza antibayotiki ya siprofloksasini mara tatu nne kwa mwaka kwa sababu ya hiyo 1:160, na inaniuma sana, kwa sababu siku watakapoihitaji kweli huenda haitawasaidia. Muulize daktari wako: dalili zangu zinafanana na taifodi, au ni namba tu?

UTI ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, popote kuanzia figo hadi mrija wa kutolea. Kama huna maumivu wala kukojoa mara kwa mara wala homa, uliza imeonekana kwa kitu gani kwenye mkojo.

Vingine kwa haraka: FBP ni picha kamili ya damu, Hb ni wingi wa damu, RBG ni sukari iliyopimwa muda wowote, FBG ni ya kabla ya kula. HTN ni presha ya kupanda, DM ni kisukari, PUD ni vidonda vya tumbo. Na alama ya kuuliza mbele ya jina, kama *?PUD*, ina maana daktari anashuku, hajathibitisha. Usiende nyumbani ukatangaza una vidonda vya tumbo.

#8

Na sisi wa kadi ya kliniki ya wajawazito? Nina G3P2, LNMP, EDD.

#9 Mleta uzi

Hongera dada. G3 ni ujauzito wa tatu, P2 umeshajifungua mara mbili. LNMP ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na EDD ni tarehe ya matazamio, wiki 40 kuanzia hapo. Siku ile ya kwanza ikiandikwa vibaya, tarehe zote zinahama. Hakikisha ni sahihi.

#10

Mimi mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu kaandikiwa amoksilini ya maji "5mls TDS". Chupa ya kwanza iliisha, nyingine nimenunua duka la mtaani. Nikilinganisha, ya kwanza imeandikwa 125mg/5ml, hii 250mg/5ml. Ni dawa moja au?

#11 Mleta uzi

Mama, umefanya jambo kubwa sana kulinganisha. Ni dawa ileile, ila ya pili ni kali mara mbili. Mililita 5 za chupa mpya zinambebea mtoto mg 250 badala ya 125. Kama daktari alikusudia mg 125, basi kwa chupa hii ni mililita 2.5. Usikadirie mwenyewe. Piga simu pale mlipotibiwa au nenda na chupa zote mbili, kwa sababu dozi ya mtoto inafuata kilo zake na huenda mwenyewe alikusudia kiasi kingine.

Ndiyo maana nasema kwa dawa za maji, mililita peke yake haina maana mpaka uijue nguvu ya chupa. Kibaya zaidi ni parasetamoli. Ya maji ya kawaida ni mg 120 kwenye mililita 5. Matone ya watoto wachanga yapo ya mg 100 kwenye kila mililita moja. Mzazi akizoea "kijiko kimoja" halafu akanunua matone akampa kijiko kilekile, amempa mtoto mchanga dozi ya mtu mzima.

Kijiko chenyewe: vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe kilichokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano, uvute hadi kwenye mstari. Na dawa ya unga unaichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, unatikisa, unaacha povu litulie, ndipo unaongeza mpaka kwenye alama. Ukishachanganya soma lebo, nyingi ni siku 7 hadi 14 tu. Ile iliyobaki kabatini tangu mwezi uliopita imwage.

#12

Wakuu na mimi niulize. Cheti changu kinasema losartan, nimepewa boksi lenye jina tofauti kabisa. Muuzaji anasema ni ileile. Nitajuaje?

#13 Mleta uzi

Kila dawa ina majina mawili. Jina la kiwanda huandikwa kubwa kwa rangi, na kila kampuni ina lake. Jina halisi, linalosimamiwa na Shirika la Afya Duniani na kufanana karibu nchi zote, huandikwa dogo chini yake. Tafuta hilo dogo. Ukikuta *losartan* na mg zilezile, ni ileile.

Na majina halisi yana mikia inayokuonyesha ukoo. Zinazoishia na -sartan (losartan), -pril (captopril), -dipine (nifedipine, amlodipine) na -olol (atenolol) nyingi ni za presha na moyo. -cillin ni ukoo wa penisilini, kwa hiyo aliyewahi kuvimba kwa penisilini akiona mkia huo aseme mara moja. Mzee wako akiwa na mabegi mawili ya dawa kutoka hospitali mbili, na humo kuna nifedipine na amlodipine, usimpe zote mbili kwa pamoja. Ni ndugu wawili wanaofanya kazi moja. Zipeleke zikaangaliwe.

#14

Yote sawa mkuu, ila mwandiko wa madaktari je? Hata ukijua TDS, utaionaje kwenye yale mawimbi? Na ukimuuliza mtoa dawa anakujibu kwa ukali kwamba foleni ni ndefu.

#15 Mleta uzi

Kwenye mwandiko nakuunga mkono kabisa. Mwaka 1995 huko Texas daktari aliandika Isordil, dawa ya maumivu ya kifua, mg 20 kila baada ya saa 6. Mfamasia akasoma Plendil, dawa ya presha ambayo kiwango chake cha juu ni mg 10 kwa siku. Mgonjwa akapewa mara nane ya kiwango hicho, akafa. Kwenye kesi ya madai, baraza la mahakama likawakuta daktari na mfamasia wote wawili na kosa la uzembe. Hospitali nyingi sasa zinaandika kwa kompyuta na hilo limepunguza tatizo, ingawa kompyuta nayo mtu akibonyeza mstari wa chini yake anachagua dawa nyingine kwa herufi safi kabisa.

Kuhusu ukali wa watoa dawa: una haki ya kuuliza, na kukuelekeza ni sehemu ya kazi tunayolipwa. Uliza hivi, kwa adabu na bila kuondoka: dawa hii inaitwaje na inatibu nini? Nameza ngapi, saa ngapi, kabla au baada ya kula? Kwa siku ngapi? Nikiona nini nirudi? Kisha rudia kwa sauti ulichoelewa. Ukirudia, mtoa dawa anasikia kosa lake mwenyewe kama lipo. Na ukishindwa kusoma cheti, mwombe daktari akusomee kabla hujanyanyuka kitini. Ni sekunde chache.

#16

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma uzi huu nikaenda kuchukua dawa za bibi yangu, ana ugonjwa wa viungo. Cheti kinasema *Tabs Methotrexate 7.5mg PO weekly*. Vidonge ni vya mg 2.5. Bahasha imeandikwa 3x1. Bibi ameanza juzi, anameza vitatu kila asubuhi. Hiyo *weekly* si wiki?

#17 Mleta uzi

Ndiyo, ni mara moja kwa wiki. Vidonge vitatu, siku moja tu ya wiki. Asimeze tena leo wala kesho.

Methotreksati ikimezwa kila siku badala ya kila wiki inashusha chembe za damu na inaweza kuua. Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri kesho hata kama anajisikia vizuri. Beba cheti, bahasha na vidonge vilivyobaki, na uwaambie mapokezi kwa maneno haya: "amemeza methotreksati kila siku". Wataje siku aliyoanza na idadi aliyomeza, wampime damu na figo. Kuna dawa ya kukinga madhara yake, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema. Ukiona vidonda mdomoni, homa, kuharisha au damu inatoka kwenye fizi, waambie pia. Kama ana vidonge vya foliki asidi navyo vibebe, ila asivichukue kama tiba ya hili.

Nimekutumia ujumbe wa faragha, nipo hewani mpaka mfike.